Tuma Hizo Gredi, Wacha Kujificha

Juzi saa tano usiku binamu yangu alinitumia meseji WhatsApp. Hakuna salamu, hakuna niaje. "Nitume ama nisitume?" Halafu skrinshoti ya ripoti yake ya Disemba. Hesabu: C.

Ngoja nikuchanue kidogo. Huyu msichana anasoma shule moja hapa Nairobi inayofuata mtaala wa Cambridge. Yuko huko kwa ufadhili, si kwa pesa za nyumbani, kwa sababu nyumbani hazipo. Walimu wake walikuwa wametabiri kwamba atapata A ya Hesabu, na kwa hiyo A ya utabiri akaomba vyuo vinane vya Marekani kabla ya mwaka mpya. Sasa mtihani wa katikati ya mwaka umerudi na A imegeuka C. Vyuo vingi kati ya vile vinane vinataka ripoti hiyo kufikia katikati ya Februari. Na yeye anataka kujua kama anaweza kujifanya hajaiona.

Nikamuuliza ni nani amemwambia hilo ni jambo la kuchagua. Akanirushia video. Jamaa ameketi ndani ya gari, mshipi bado uko kifuani, anaongea kwa kujiamini kama kondakta wa Embakasi saa ya rashawa: kama chuo hakijakuuliza, usikipatie silaha ya kukupiga nayo. Chini, watu elfu kadhaa wameweka moyo.

Manze nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ushauri huo naujua vizuri. Mimi niliununua shilingi 15,000.

Nitafika hapo. Kwanza tuelewane hii ripoti ni kitu gani, kwa sababu ukimwambia Mkenya "katikati ya mwaka" anafikiria Julai, baridi, sweta na mtihani wa moki. Mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kuisha Mei au Juni, kwa hivyo katikati yake ni Januari. Watu wengi wanaoomba huko hupitia Common App, na kwenye Common App kuna makaratasi ambayo si wewe unayatuma. Mshauri wa shule ana akaunti yake. Anatuma ripoti ya shule mwanzoni, ripoti ya katikati ya mwaka gredi mpya zikitoka, na ripoti ya mwisho ukishamaliza. Chuo kikisema kinahitaji ripoti ya katikati, hakuna cha "nitume ama nisitume". Hilo swali halikuwa lako kutoka mwanzo. Jamaa wa gari hajakwambia hivyo, na nina shaka kama yeye mwenyewe anajua.

Halafu vyuo havifanani. MIT haitumii Common App kabisa. Ina mlango wake, na mwezi wa Februari wewe mwenyewe unajaza fomu yao na kuandika gredi zako mpya. Vyuo vya University of California havitaki transkripti wakati wa kuomba, unaandika gredi zako mwenyewe, halafu ukikubaliwa wanataka zile rasmi kuhakikisha hukuwadanganya. Uingereza ni stori nyingine, kule UCAS wanaangalia gredi za utabiri na wanakupa nafasi yenye masharti, kwamba ukifikisha gredi fulani mwezi wa Agosti uingie, usipofikisha basi. Kwa hivyo kabla ya kusikiliza mtu yeyote, nikiwemo mimi, fungua ukurasa wa kila chuo ulichoomba na usome. Vyuo vinane ni kurasa nane. Umeshawahi kusoma komenti nyingi kuliko hizo ukingoja mathree ijae.

Sisi wa 8-4-4 mambo yetu yalikuwa magumu zaidi. KCSE inafanywa Novemba na matokeo yanatoka Januari. Yangu, ya 2023, yalitoka tarehe 8 Januari 2024. Kwa hivyo ukiomba ukiwa bado kidato cha nne, unatuma maombi bila KCSE, na ile karatasi ya karibuni kabisa ambayo shule inayo ni moki. Wengi huamua kungoja, wanamaliza, wanapata matokeo, halafu wanaomba mwaka unaofuata wakiwa tayari wanajua wanasimama wapi. Mimi sikungoja. Nilikuwa na haraka kama mtu anayekimbizwa.

Sasa hiyo 15,000.

Kidato cha tatu nilikuwa mtu wa A-. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, mzee wangu akasimamishwa kazi kule Industrial Area. Muhula wa pili nilitumwa nyumbani kuleta karo, nikakaa wiki tatu. Si ati nilikuwa nasoma huko nyumbani. Nilikuwa namsaidia mathe kuuza chapati Umoja na usiku nalala nikiwa nanuka mafuta. Nikarudi shule siku ya Alhamisi, Jumatatu moki ikaanza. Nikapata B-.

Wakati huo nilikuwa nimepata "mshauri wa vyuo vya nje" kupitia mtu wa kanisani. Alikuwa na tai, na kadi ya biashara yenye bendera ya Marekani. Mamangu alitoa pesa kwenye chama, 15,000, zamu yake haikuwa imefika ikabidi abadilishane na mwenzake. Nilipomwonyesha mshauri B- yangu alisema neno kwa neno kile kile cha jamaa wa gari: hawajauliza, usipeleke. Nimwambie naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye alikuwa anashughulikia mambo ya Common App shuleni, kwamba hakuna haja ya kutuma kitu kingine. Nikamwambia. Naibu alifurahi sana kusikia kwamba hatalazimika kukumbuka nywila yake.

Januari KCSE ikatoka. B+. Si A, lakini mwaka wangu waliopata A nchi nzima walikuwa 1,216 kati ya karibu watahiniwa 900,000, kwa hivyo tafadhali B+ yangu iheshimiwe. Mtu aliyetoka B- ya Julai akafika B+ ya Novemba amepanda. Hiyo ilikuwa habari njema. Nilikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba nilianguka na nikainuka.

Mwisho wa Januari chuo kimoja, kidogo, kile nilichokuwa nakipenda zaidi, kikaniandikia kwamba faili yangu haijakamilika, ripoti ya katikati ya mwaka haipo. Nikampigia mshauri. Akasema ninyamaze, hiyo ni barua ya mashine, hutumwa kwa kila mtu. Nikanyamaza. Wiki mbili baadaye ikaja nyingine. Nikanyamaza tena.

Kile sikujua ni kwamba barua za aina hiyo zilikuwa zinamfikia pia naibu. Na siku moja, sijui aliamkia upande gani, naibu akaamua kufanya kazi yake. Akaingia, akapakia ile karatasi ya moki peke yake. Hakutaja zile wiki tatu, na matokeo yangu ya KCSE hakuyaweka. Pale pa maoni ya mshauri wa shule akaandika kile ambacho walimu wetu huandika kwenye kila ripoti tangu uhuru: wastani, aongeze bidii.

Hivyo ndivyo chuo kilivyonijua. B- na aongeze bidii.

Mwisho wa Machi wakanikataa. Sitakudanganya kwamba ni ile karatasi ilinimaliza. Chuo hicho kinakataa watu wengi kuliko kinaowachukua, na mimi nilikuwa naomba wanilipie karibu kila kitu, na ukiwa mgeni unayehitaji pesa, vyuo vingi huiangalia hiyo hali yako kabla ya kuamua. Vile ambavyo haviangalii ni vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vya kuhesabika, na huko nako ushindani ni moto. Pengine ningekataliwa tu. Lakini watu fulani waliketi ofisini wakasoma kuhusu Julai mbaya zaidi ya maisha yangu, na mimi niliyekuwepo Julai hiyo sikuwa nimesema hata neno moja. Nilikuwa nimelipa 15,000 ninyamaze. Nilipompigia mshauri siku hiyo, mteja wa nambari hiyo hakupatikana. Hajapatikana hadi leo.

Niko chuo hapa nyumbani sasa, nilipitia KUCCPS, mwaka wa pili, na niko sawa, asante kwa kuuliza.

Kwa hivyo nikisikia mtu kwenye gari anawaambia watoto wafiche gredi, damu inachemka. Acha nijibu hoja yake vizuri, kwa sababu watu walioweka moyo si wajinga, wanaogopa tu.

Anasema ukituma gredi mbaya unajichoma. Sawa. Tuseme umefaulu kuficha. Tuseme chuo hakikufuatilia na shule ikasahau. Machi unapata barua ya kukubaliwa. Mathe anapiga vigelegele hadi jirani anakuja kuuliza kuna nini. Mwisho wa Aprili unakubali chuo hicho na kukataa vile vingine, kwa sababu kule siku ya mwisho ya kujibu kwa kawaida ni tarehe 1 Mei. Unalipa dola 350 za SEVIS na dola 185 za kuomba viza, na pesa hizo hazirudi. Unaenda Gigiri kwa mahojiano. Kuna harambee, mjomba kutoka Kitale ameuza ng'ombe, kuna grupu la WhatsApp lenye jina lako na ndege ndogo pembeni. Umenunua sanduku Eastleigh.

Halafu wanaomba ripoti ya mwisho. Hiyo kila chuo huomba. Isome ile barua ya kukubaliwa mpaka chini, utapata mahali inaposema nafasi yako inategemea kumaliza shule ukiwa katika kiwango kile kile walichokukubalia, na kwamba wanaweza kuiondoa. Sasa ile C inafika, Juni au Julai au Agosti, na inafika kama mshangao. Mtu wa ofisi anauliza hii ilianza lini, na jibu ni Disemba, na Disemba hukusema. Hapo mnaongea kuhusu uaminifu wako, Hesabu imesahaulika. Kwenye Common App uliweka sahihi kwamba yote uliyotuma ni ya kweli, na kwamba yakipatikana ya uongo nafasi yako inaweza kufutwa hata ukiwa umeshaanza masomo.

Mimi nikipewa kuchagua kati ya kukataliwa Machi na kufutwa Agosti, nachagua Machi mara mia. Machi bado kuna vyuo vingine mkononi. Agosti una sanduku na mjomba asiye na ng'ombe.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, na hii jamaa wa gari hakuisema, ilisemwa na rafiki yangu mmoja tukibishana kwa simu. Alisema: wewe unawaambia watoto wa Kayole wawe waaminifu wakati watoto wa Runda wana washauri wanaolipwa kwa dola. Kwa nini maskini ndiye ajianike? Hii iliniuma kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nilikaa nayo siku mbili. Jibu langu ni hili: unadhani mshauri wa dola angefanya nini na hiyo C? Angeficha? Wapi. Angemketisha huyo mtoto, amwandikie ratiba ya masomo ya ziada, ampigie mshauri wa shule waongee lugha moja, halafu C iende ikiwa imevaa suti, na barua fupi pembeni, na matokeo ya jaribio la Januari yakionyesha B. Kuficha ndiyo mbinu wanayouziwa watu wa chini. Wenye pesa hununua maelezo. Na maelezo unaweza kuyaandika wewe, bure, saibani, kwa shilingi moja kwa dakika.

Sasa shule zetu, hamtatoroka. Moki zinatungwa kutisha, kila mtu anajua. Shule zinaungana na majirani, wanatunga karatasi ngumu, wanasahihisha kwa hasira, ili mtahiniwa aogope na asome. Mtu wa B- ya moki anaweza kuwa mtu wa A- ya KCSE na hakuna anayeshangaa. Hiyo ni sawa kama karatasi inabaki hapa. Ikivuka bahari inasomwa na mtu ambaye hajawahi kuona moki, na kwake B- ni B-. Kwenye Common App kuna mahali pa shule kuweka maelezo yake, jinsi inavyotoa gredi, watoto wangapi, mtihani gani una maana gani. Ukurasa mmoja. Shule inayonunua basi jipya na kuandika jina lake kwa herufi za dhahabu haiwezi kuandika ukurasa mmoja? Na kwa KCSE ya mwisho kuwa 2027, na hawa wa gredi ya 12 wakija nyuma yao na vyeti ambavyo hata sisi hapa bado tunajifunza kuvisoma, huo ukurasa utahitajika maradufu.

Kama shule yako haina mshauri, mtafute mwalimu mmoja anayekupenda na anayejua kufungua barua pepe. Usiende na malalamiko, nenda na karatasi ambayo tayari umemwandikia tarehe na sababu, "Mwalimu, niko na shida kidogo, naomba dakika tano." Wengi wanasaidia. Hawa watu wana madarasa ya watoto hamsini, hawakukatai wewe, wamechoka tu.

Je, kuna wakati wa kutotuma? Upo. Chuo kikisema wazi hakitaki, usitume. Ukitoka B+ hadi B katika somo moja na hakuna aliyeuliza, tulia, usianze kuwaandikia ofisi ya udahili barua kila wiki kama ex. Na ukiwa umeshamaliza kidato cha nne mwaka jana na unaomba sasa, huna katikati ya mwaka, una matokeo ya mwisho, tuma hayo na usijitafutie presha. Lakini zikiwa zimepanda, tuma hata kama hawajauliza. Zikiwa zimeanguka kwa kishindo, kama A kuwa C, tuma hata kama hawajauliza, kwa sababu watakuja kuziona, na ni afadhali wazione na wewe ukiwa chumbani.

Kuna jamaa tulisoma naye aliyefungua PDF akabadilisha herufi. Hiyo sitaijadili. Shule huulizwa moja kwa moja. Mwachie yeye.

Basi usiku ule nilimwandikia binamu yangu. Nilimwambia C itaenda, na itaenda na barua. Barua iwe fupi, maneno yasizidi 150. Aseme kilichotokea, bila drama. Aseme amefanya nini tangu hapo. Kama kuna namba mpya, hata ya jaribio dogo la darasani, aiweke. Aipakie kwenye mlango wa chuo, au amtumie yule afisa anayeshughulikia ukanda wetu, mara moja, si mara kumi. Halafu amwombe mshauri wa shule aandike mstari mmoja unaosema jambo lile lile, ili karatasi mbili zisipingane.

Aliniuliza, "Na kilichotokea nikiseme chote?" Kilichotokea ni kwamba shosho yetu alilazwa Oktoba na yeye ndiye aliyekuwa anaenda kukesha naye kila wikendi, kwa sababu wazazi wake wako Mombasa kazini. Mimi nilikuwa najua. Kila mtu kwenye familia alikuwa anajua. Shule haikuwa inajua, maana hakuwahi kuwaambia. Alikuwa anaogopa wataona hawezi kubeba mzigo wa ufadhili.

Nikamwambia akiseme, kwa sentensi mbili.

Kimya hadi saa saba usiku. Halafu: "Nimeandika. Nisomee kwanza." Maneno 94. Nimetoa sentensi moja tu, ile ya mwisho, ambapo alikuwa anaomba msamaha.